Menengai Haujafa: Tubishane Kuhusu Kinachofuata

Mwaka jana nilimwita fundi anichimbie shimo la choo katika ploti moja kule Kiamunyi, Nakuru. Futi tatu za kwanza zilikuwa udongo wa kawaida. Chini yake tukakuta tabaka jeupejeupe la vijiwe vyepesi, vile vile wanavyouza sokoni vya kusugulia nyayo. Fundi akatupa kimoja ndani ya ndoo ya maji, kikaelea. "Mzee, hii shamba yako ilipikwa," akasema, akaendelea na kazi.

Ilipikwa kweli. Vijiwe hivyo ni lava iliyojaa gesi, ikarushwa juu na kupoa ikiwa bado povu. Iliyoirusha ni Menengai, mlima tunaouona kila asubuhi tukifungua dirisha, na ambao Nakuru haijakubaliana kama ni wa kuogopwa, wa kupuuzwa au wa kukamuliwa mvuke.

Ubishi wenyewe naujua kwa sura mbili. Kuna wanaosema mlima umelala tangu enzi za mababu wa mababu, na kila anayetaja neno mlipuko anawafukuza wawekezaji na kushusha bei ya ploti. Kuna wengine ambao ardhi ikitikisika kidogo tu wanatumiana video za Goma, mji wa Kongo uliopitiwa na lava, na kuulizana tukimbilie wapi. Nimewasikiliza wote. Naona kila upande umeshika kipande cha kweli, na kipande hicho unakitumia vibaya.

Kwanza tuondoe uongo mmoja mdogo. Tangu shuleni tumekaririshwa kwamba shimo la Menengai ni la pili kwa ukubwa duniani. Si kweli. Kaldera hiyo, yaani shimo linalobaki paa la volkeno likididimia, ina takribani kilomita 12 kwa 8. Ngorongoro ya jirani zetu Tanzania inaishinda kwa mbali, sembuse Toba ya Indonesia. Ni kaldera kubwa kuliko zote za Kenya, na hiyo ni sifa tosha.

Jambo la pili ni umbo. Mtu akiambiwa volkeno, akilini humjia Longonot: umbo la pia iliyochongoka, iliyojengwa kwa matabaka ya majivu na lava, yenye kasoko juu. Menengai si wa aina hiyo. Ni ngao pana iliyolala chini, yenye miteremko ya taratibu kiasi kwamba mkazi wa Milimani anaishi mlimani na yeye anadhani anaishi mtaani. Kilele chake ni mita 2,278, na ukitoka mjini unaweza kukifikia bila kuhisi kwamba umepanda volkeno, mpaka ardhi ikatike mbele yako na uone shimo. Nadhani nusu ya ubishi wetu unatokana na umbo hilo. Mlima usiofanana na mlima ni rahisi kuusahau.

Ngao hiyo ilianza kujengeka yapata miaka 200,000 iliyopita, kwa lava ya trakaiti, aina nzito isiyotiririka kwa urahisi, iliyorundikana mpaka kufikia kama kilomita za ujazo 30. Kisha mambo yakabadilika. Kiasi cha miaka 29,000 iliyopita, na tena kiasi cha miaka 8,000 iliyopita, mlima ulitoa milipuko miwili mikubwa. Kila mmoja ulianza kwa mvua ya mawe ya povu, ukafuatwa na mawimbi ya majivu ya moto yaliyoteremka na kutandaa mabondeni. Chumba cha magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kilipopungukiwa, paa lake likadidimia. Aliyewahi kuchoma makaa anaijua hali hii: kuni zikiiva ndani ya tanuri, udongo wa juu hubonyea wenyewe kwa kukosa cha kuushikilia.

Huo wa pili haukutokea kwenye pori tupu. Katika pango la Gamble, karibu na Elmenteita, wanaakiolojia walikuta zana za wawindaji waliokuwa wakiishi ukanda huu zama zile. Waliouona hawakutuachia hadithi. Tuliyo nayo ni ya juzi tu: Wamaasai husimulia kwamba moshi wa shimoni ni roho za Ilaikipiak, Wamaa wenzao, waliosukumwa humo vitani, zikitafuta njia ya kupanda mbinguni.

Baada ya paa kudidimia mlima haukuacha kazi. Sakafu ya kaldera imefunikwa na mikondo mingi ya lava, moja juu ya nyingine, na mingine ni myeusi na mikavu kiasi kwamba mimea haijapata pa kushika. Kwa hesabu ya miamba, hiyo ni ya jana.

Halafu mwezi wa Februari 2011 Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi, GDC, ikaanza kuchimba visima vya mvuke humo ndani. Baadhi ya visima vilipofika kina cha takribani kilomita 2, keekee ilikutana na magma. Vipande vya kioo kibichi vikapanda juu, ushahidi wa mwamba ulioyeyuka na kupozwa ghafla na maji ya kuchimbia. Kwangu mimi, suala la kama Menengai umekufa lilifungwa siku hiyo. Kilomita 2 ni karibu. Nyumbani kwangu hadi sokoni ni mbali kuliko hapo.

Lakini kuwa hai si kuwa mbioni kulipuka, na hapa wasemao "tulieni" wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Vipimo vya satelaiti vilionyesha kwamba kati ya 1997 na 2000 ardhi ya Menengai ilishuka kwa sentimita chache. Longonot nao uliinuka kwa karibu sentimita 9 kati ya 2004 na 2006. Hakuna uliolipuka. Volkeno za Bonde la Ufa hupumua, na pumzi si kikohozi. Ukichukua milipuko miwili mikubwa katika miaka 29,000, ukaiweka kando ya maisha ya mtu, ni vigumu kumlaumu diwani anayesema barabara kwanza.

Kisha wanaorodhesha yaliyokwisha kututesa. Ziwa Nakuru limepanda na kufukuza familia Mwariki na Barut. Mvua kubwa zikinyesha, ardhi hupasuka na kumeza njia huko Shabab na Kaptembwa. Tetemeko kubwa zaidi lililorekodiwa Kenya, la ukubwa wa 6.9, lilipiga Subukia Januari 1928, na halikuwa na uhusiano wowote na mlipuko. Kwa nini basi tuhangaike na mlima?

Jibu langu liko kwenye lile shimo la choo. Ile mipasuko ya Shabab inatokea kwa sababu mji umekaa juu ya majivu na mawe ya povu, vitu vilegevu visivyoshikana, na chini yake kuna mifereji ya ufa. Maji ya mvua yakipata mwanya hubeba majivu hayo chinichini mpaka juu pabaki ganda, kisha ganda linaanguka. Vivyo hivyo floraidi inayoyapaka meno ya watoto wetu rangi ya chai: inatoka kwenye miamba ya volkeno ambamo maji ya visima vyetu hupita. Mipasuko na floraidi ni watoto wa Menengai. Ukisema tushughulikie mashimo tuachane na volkeno, umesema tutibu homa tuachane na malaria.

Upande wa pili nao una lake la kusahihishwa. Goma si Nakuru. Nyiragongo, volkeno ya Goma, hutoa lava nyepesi mno, yenye silika kidogo (madini yanayoifanya lava iwe nzito), inayotiririka kama uji uliozidi maji. Ndiyo maana Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Trakaiti ya Menengai ni nzito, na kuta za kaldera zimeikinga sehemu kubwa ya lava ya baadaye isitoke shimoni. Anayeogopa lava kufika Milimani anaogopa kitu kisicho sahihi. Uzito huo huo wa lava ndio hufungia gesi ndani, na gesi ikifungiwa, mlima hauchuruziki, hulipuka. Cha kuhofia hapa ni majivu. Na kwa kuwa pepo zetu kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, yangeelekea zaidi Rongai, Njoro na Molo, pengine hadi kwenye majani chai ya Kericho. Mabati ya nyumba zetu za kupanga hayakupigwa misumari kwa hesabu ya kubeba majivu yaliyolowa mvua. Hili si suala la Nakuru peke yake, ingawa tunalijadili kana kwamba ni letu.

Somo la Goma ni jingine kabisa. Mlima ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, kituo cha kuuchunguza kilikuwa kimekatiwa ufadhili miezi kadhaa kabla, na watu walijua kwa kuona anga jekundu. Wataalamu walikuwapo, ila kazi yao ilikuwa imezimwa. Nabro ya Eritrea ilikuwa na hali mbaya zaidi: haikuwa na kumbukumbu yoyote ya kulipuka katika historia wala mitambo ya kuichunga, na Juni 2011 ikalipuka ghafla. Kwa mlima wa Bonde la Ufa, kukaa kimya muda mrefu si ahadi.

Sasa, kitu kinachonishangaza Nakuru ni kwamba sehemu ngumu ya kazi imekwisha kufanywa, kwa sababu nyingine. Kutafuta mvuke kunataka vipima mitetemeko, vipimo vya gesi, ramani za miamba na joto la chini. GDC ilivipeleka Menengai kwa ajili hiyo, na tangu 2023 mtambo wa Sosian wa megawati 35 unazalisha umeme pale. Mitetemeko midogo inayomwonyesha mhandisi mvuke unapita wapi ndiyo hiyo hiyo ingemwonyesha ofisa wa majanga kwamba magma inasogea. Kwa hiyo sioni haja ya kuanza na jengo jipya na utepe wa kukata. Ningeanza na makubaliano: takwimu za mvuke zifike pia kwa jiji, kwa utaratibu, na awepo mtu anayelipwa kuzisoma kwa jicho la usalama.

Kuna anayenipinga hapa, na simdharau. Anasema ukitangazia watu kila mtetemo, utapata uvumi, utapata madalali wa kununua ploti za waliotishika, na siku ya kweli ikifika hakuna atakayeamini. Ni kweli. Lakini nakumbuka Oktoba 2023, tulipoambiwa kwamba El Nino haitakuja kama ilivyotabiriwa. Mwezi uliofuata mafuriko yakaanza, na waliokufa msimu ule walizidi mia. Taarifa iliyolainishwa ili watu wasiogope nayo huua imani, na huiua kwa muda mrefu. Kinachohitajika ni ngazi ya tahadhari inayoeleweka, ile ya rangi, na watu waizoee mlima ukiwa kimya, si siku majivu yanaanguka.

Tulipofika futi saba fundi alipanda juu akaniambia lazima shimo lijengewe mawe pande zote, kwa sababu tabaka lile halishiki. Likilowa litaniangukia na choo chote. Aliyeniuzia ploti hakunitajia neno. Nilimwuliza fundi amejuaje. Akasema amechimba Nakuru miaka kumi na nane, anajua mtaa gani tabaka hilo ni nene kuliko kimo cha mtu na mtaa gani ni jembe mbili tu unalimaliza. Akaanza kunitajia mtaa mmoja mmoja, akihesabu kwa vidole. Kisha akakumbuka hatujakubaliana bei ya kujengea mawe.