Tumbo la mama mdogo si gauni la harusi

Jumapili tulikuwa msibani Chikongola, hapa Mtwara. Sinia la pilau halijafika hata nusu, shangazi akanigeukia: "Huyo daktari wenu wa Dar anawala hela. Tumbo moja alipasue mara mbili, kwani anashona gauni la harusi, mpaka mtu arudi kupimisha?"

Jamvi zima likacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, maana mwenyewe anayesemwa hakuwepo.

Mama mdogo ana kilo 168 na urefu wa sentimita 160. Wanaojua BMI, kile kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, wapige wenyewe: inazidi 65. Ana sukari, analalia mito minne, na anakoroma mpaka pumzi inakatika, ukimsikia unasimama mlangoni kusubiri irudi. Daktari kamwambia watakata tumbo la chakula kwanza, libaki kama robo, ili apungue uzito. Akishapungua, baada ya mwaka au mwaka na nusu, wataangalia kama kuna haja ya kugusa utumbo, chakula kipite njia fupi. Basi! Ukoo mzima umekuwa wa mabingwa wa upasuaji.

Shangazi, heshima yako ipo palepale, ila hebu sikiliza. Tumbo na utumbo vikifanywa siku moja, mtu anakaa kwenye dawa ya usingizi muda mrefu zaidi, na kila penye mshono panaweza kuvuja. Kwa uzito ule ini limejaa mafuta, limelifunika tumbo lenyewe linalotafutwa. Tena wanajaza hewa tumboni ili kamera ione, na hewa hiyo inayasukuma mapafu ambayo hata kitandani kwake yanamshinda. Kina Michel Gagner, daktari mpasuaji kule New York, waliugawa upasuaji huu mara mbili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu wazito kupita kiasi ndio waliokuwa wakiumia zaidi. Halafu wengi waliofanyiwa hatua ya kwanza wakapungua vizuri, ya pili wasiihitaji tena. Hiyo mnayoiita nusu kazi, leo watu wanafanyiwa hiyohiyo na inaisha.

Mwenye BMI ya 42 na mapafu mazima, amalize siku moja, sina ugomvi naye.

Na nyie wa "mara moja" mmesahau Ndundu, pale mto Rufiji? Kabla ya daraja la mzee Mkapa mwaka 2003, ukienda Dar unashuka, unapanga foleni ya kivuko, mara nyingine unalala palepale na mbu wako. Sikumbuki aliyesema dereva kamwibia kwa kutoivuka Rufiji na basi usiku.

Haya, kwenye nauli nawakubalia. Ni kweli, safari mbili, usingizi mara mbili, na msindikizaji anafunga genge mara mbili. Hatua ya kwanza tunalipa kwa korosho za msimu huu, ya pili itategemea mnada wa mwakani, na mnada tunaujua. Daktari angetaja bei ya zote mbili siku ya kwanza, na vidonge vya vitamini vya maisha, hasa utumbo ukiguswa. Hakutaja. Hapo shangazi kanishinda, na nimechukia.

Lakini jamvini pale hakuna aliyesema tumuulize mwenyewe. Usiku nikampigia. Nikamweleza yote, ya mara moja na ya mara mbili. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata.

"Mwanangu," akasema, "mimi nataka kulala chali tu."