Nipeni Mkupuo wa Kwanza, Msinipe Wastani

Juzi usiku kijana ninayemsaidia tasnifu yake ya uzamili alinitumia ukurasa mmoja wa majibu ya maabara. "Shikamoo mwalimu, naomba uangalie hapa, nadhani nimepata kitu." Furaha yake ilionekana hata kwenye maandishi. Mimi niliutazama ukurasa ule nikakosa usingizi.

Majibu yametoka nje ya nchi, maana mashine ya spektroskopia ya Auger hatuna, ile inayopiga sampuli kwa mwale wa elektroni na kusoma nishati ya elektroni zinazotoka ili kujua kuna elementi gani na kiasi gani. Sampuli ni utando wa oksidi ya titani juu ya kioo, unene wa nanomita 200 hivi. Aliupuliza mwenyewe kwenye bamba la moto, kisha akauchoma kwenye tanuri kwa nyuzi 450, saa nzima, hewani. Ripoti inasema utando una upungufu mkubwa wa oksijeni, umejaa mapengo, yaani nafasi ambazo atomi za oksijeni zilipaswa kuwepo lakini hazipo. Naye ameshaandika sura nzima akieleza mapengo hayo yametoka wapi.

Nikamuuliza: grafu hii ni mikupuo mingapi, yaani mashine imesoma mara ngapi kuanzia mwanzo hadi mwisho? Arobaini, akajibu, wamechukua wastani. Kwenye doa lilelile? Ndiyo, lilelile.

Basi mapengo hayo huenda hayakutoka kwenye tanuri lake. Huenda yamechimbwa na mwale wenyewe wa elektroni uliotumwa kuyahesabu.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1978 Michael Knotek na Peter Feibelman walieleza namna elektroni zinavyong'oa oksijeni kwenye oksidi ya titani, na maelezo yao hayana ugumu. Titani ndani ya oksidi hii imeshatoa elektroni zake zote nne za nje. Mwale ukiipiga na kung'oa elektroni ya ndani, titani haina akiba ya kuzibia shimo hilo, kwa hiyo elektroni ya kuziba inatoka kwa jirani, yaani oksijeni. Nishati inayobaki inaifukuza elektroni nyingine ya oksijeni hiyohiyo, mara nyingine mbili. Zikifukuzwa mbili, oksijeni iliyokuwa na chaji hasi mbili inajikuta ina chaji chanya, na imezungukwa na titani zenye chaji chanya. Inasukumwa, inaruka, inapotelea kwenye ombwe la mashine. Ndiyo maana oksidi ambazo metali yake imetoa kila ilichokuwa nacho, kama hii ya titani, ya vanadi na ya tangisteni, zinaumia kwa njia hii.

Na nishati ya kuanzisha yote hayo ni kama elektronivolti 34 tu. Mwale wa Auger kwa kawaida una elfu 3 hadi elfu 10. Anayeniambia "tulishusha volteji" hajanituliza hata kidogo. Kushusha volteji kunasaidia pale tatizo linapokuwa atomi kugongwa na kuhamishwa kama gololi, na hilo ni tatizo la hadubini za kilovolti 200 au 300. Hapa kinachoua ni idadi ya elektroni. Piga hesabu: mkondo wa nanoampia 10 kwenye doa la mikromita mraba moja ni elektroni kama elfu 60 kila sekunde kwa kila nanomita mraba, mahali ambapo uso wote una atomi kumi na kitu. Mikupuo arobaini ni dakika nyingi.

Sasa fikiria wastani unafanya nini. Mkupuo wa kwanza, kilele cha oksijeni kwenye grafu, karibu na elektronivolti 510, kimesimama vizuri mbele ya kile cha titani karibu na 418. Wa kumi kimepungua. Wa arobaini kimepungua zaidi. Ukivijumlisha na kugawanya, unapata namba moja safi ya utando ambao haukuwahi kuwepo: si ule aliouchoma kijana, wala si ule uliobaki baada ya mwale. Ushahidi wote wa uharibifu ulikuwa kwenye mfuatano, na mfuatano umefutwa.

Nakubali, mkupuo mmoja una kelele nyingi, na muda wa mashine unalipiwa kwa saa. Nakubali pia kwamba tando zenye mapengo ya kweli zipo, hasa zilizochomwa kwenye ombwe au haidrojeni. Lakini mikupuo arobaini inaweza kuchukuliwa kwenye madoa arobaini, na mwale unaweza kutawanywa. Kila mkupuo unaweza kuhifadhiwa peke yake pamoja na saa yake. Andikeni mkondo wa mwale, ukubwa wa doa na muda. Mistari mitatu tu!

Kuna kitu kingine kinaniuma. Kioo chenyewe ninacho mezani, nusu iliyobaki. Ni kiangavu kama dirisha. Utando wenye upungufu wa oksijeni kiasi kile ungeingia ubuluu au weusi, na kijana ana macho, aliuona. Aliyaamini majibu kuliko macho yake kwa sababu yametoka kwenye mashine ya bei kubwa. Sisi walimu ndio tuliomfundisha kuamini hivyo, na mimi nimo.

Leo asubuhi amekuja. Hakulalamika kuhusu ile sura. Tumekikata kioo kilichobaki vipande viwili. Kimoja kinakwenda kwenye maabara ileile na barua yenye maombi mawili: madoa mapya kila mkupuo, na faili ghafi zote. Cha pili nimemwambia akifungie kabatini, kisiguswe na mwale wowote mpaka majibu yarudi.