Kabla ya kuchagua kisiwa, tazama mwezi

Kila likizo za Juni na Desemba zikikaribia swali ni lile lile: Unguja, Pemba au Mafia, wapi pazuri? Na majibu ni yale yale. Mmoja anasema Unguja kumejaa watu, mwingine anasema Pemba kumetulia, wa tatu anatuma picha ya papa potwe, yule papa mkubwa wa madoa wa Mafia. Kisha baba wa watu anakata tiketi za familia nzima, anafika Jambiani, mashariki ya Unguja, siku ya 16 ya mwezi mwandamo, anafungua mlango saa nne asubuhi na bahari haipo. Kuna mchanga, vijiti vya mwani, akina mama wameinama mbali huko, na maji ni mstari wa povu penye mwamba. Anapiga picha na kuandika kwamba ametapeliwa.

Hajatapeliwa. Hakuambiwa tu, na hilo linaniuma, kwa sababu ni jambo ambalo kila mvuvi wa pwani hii analijua tangu utotoni, na lingeweza kujulikana miezi sita kabla ya safari.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya karibu mita 4. Kwa hiyo kama tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 18, bahari ya Unguja hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kuanzia hapo saa zinasogea mbele dakika 50 hivi kila siku. Ikifika tarehe 8 au 9, na tena 23 au 24, ni maji mafu. Hapo mambo yamegeuka: maji yanajaa asubuhi, yanapwa alasiri, lakini tofauti ni kama mita moja tu, hayaendi mbali.

Sasa, mita 4 zile zile hazifanyi kazi moja kila ufuko. Kendwa, na sehemu kubwa ya Nungwi, ufuko unashuka upesi, kwa hiyo maji yakipwa unaongeza hatua chache na bado unaogelea. Mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Michamvi, Bwejuu, Paje na Jambiani, chini ni tambarare mpaka kwenye mwamba. Huko kushuka kwa mita 4 kunayaondoa maji kilomita nzima, pengine zaidi. Kisiwa ni kimoja, siku ni moja, saa ni moja, na watoto wa Kendwa wako majini wakati wa Jambiani wanatazama matope. Ndiyo maana swali la "Unguja pazuri?" halina jibu hata kidogo mpaka mtu aseme tarehe na ufuko.

Na mashariki wakati wa bamvua si hasara kwa anayejua. Maji yakijaa saa kumi jioni, unaogelea kuanzia saa nane mpaka jua linazama, tena maji yakiwa yamepata joto kwa kupita juu ya mchanga ulioanikwa asubuhi nzima. Asubuhi unakwenda mwambani, umevaa viatu vyenye soli ngumu, kwa sababu wale viumbe wa miiba mirefu myeusi wamejaa kwenye mashimo ya mawe na mwiba wao hukatikia ndani ya nyayo. Usikanyage matumbawe, na usipite katikati ya mashamba ya mwani. Kamba ile uliyoikwaa ni riziki ya mtu.

Kurudi ndiko kunakoponza wageni. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Yakianza kujaa, saa ya kwanza huyaoni. Ya pili yanajongea. Ya tatu na ya nne yanapanda karibu nusu ya safari yote, yaani mita 2 kwa saa mbili siku ya bamvua. Tena hayaji kutoka mbele unakotazama. Yanaingia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na pwani, na mfereji uliouvuka ukiwa wa kifundo cha mguu unaukuta wa kiuno. Anza kurudi kabla maji hayajageuka. Ukiwaona akina mama wa mwani wanafunga magunia, na wewe ondoka.

Jambo la pili ni upepo, na hapa Juni na Desemba zinaachana kabisa. Juni kusi limepamba moto: fuko zinazotazama mashariki zinachapwa, bahari ina rangi ya maziwa, majani ya bahari yanarundikana ufukoni. Wenye vishada vya majini wanaifurahia Paje hiyo, mwenye watoto wadogo aende magharibi. Desemba kaskazi linaanza, na joto lake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bei zinashuka na hoteli nyingine hufunga. Maleleji ya Oktoba na Novemba, pepo zikipokezana na bahari ikiwa kama mafuta kwenye sahani, ndiyo majira bora kwa visiwa vyote vitatu, ila vuli inaweza kukuharibia siku mbili.

Pemba naipenda kuliko Unguja, lakini siwezi kumpeleka kila mtu. Ina vilima, mikarafuu, msitu wa Ngezi na popo wakubwa wasiopatikana penginepo duniani. Kati ya Pemba na bara bahari ni shimo, mamia ya mita, wakati kati ya Unguja na bara kina ni kidogo. Ndiyo sababu maji ya Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, yanakuwa ya buluu iliyokolea hatua chache tu kutoka mchangani. Lakini fuko za kuogelea ni chache na ziko mbali. Ufuko wa Vumawimbi uko ng'ambo ya Ngezi. Daladala itakufikisha Konde, kutoka hapo tafuta bodaboda, na mkubaliane saa ya kuja kukuchukua, la sivyo utarudi kwa miguu. Mtu wa siku tatu asiende Pemba. Na akienda kwa boti wakati wa kusi, ajue kwamba chombo kikitoka kwenye kinga ya Unguja na kuingia mkondo wa Nungwi, kitarushwa. Akae sehemu ya chini, nyuma, katikati, na ameze dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kuondoka. Chombo kikionekana kimejaza kupita kiasi, ashuke. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama katika maji hayo hayo ikiwa imejaza watu mno. Nauli iliyopotea si kitu.

Mafia ni ya Desemba. Papa potwe wanakuja juu upande wa Kilindoni takriban Oktoba hadi Februari, wakifuata vijidudu vinavyonenepa kwa maji ya Rufiji, na kwa sababu hiyo hiyo maji ya upande ule ni ya ukungu; asiyejua hulalamika. Toka alfajiri kabla ya upepo, ingia majini taratibu, kaa mita 3 au zaidi kutoka kwake, usimguse, na mwambie nahodha asimkate njia kwa mashine. Anayekwenda Julai kwa ajili ya potwe amepoteza safari. Lakini ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari ya mwaka 1995, inafaa kuzamia hata wakati wa kusi. Kupita Kinasi, mlango wa ghuba, kwenda nje ndiko kunakongoja maji yanayoingia, kwa sababu yakitoka mkondo una nguvu na huoni mbele. Utende, kijiji cha kwenye ghuba hiyo, siku ya bamvua maji yakipwa boti haifiki ufukoni, kwa hiyo safari ya kisiwa cha Chole au magofu ya Kua kule kisiwa cha Juani ipangwe kwa saa za maji, siyo kwa saa za chai.

Kufika Mafia ni kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, au kwa chombo kutoka Nyamisati, upande wa bara, mwendo wa saa nne hivi hadi Kilindoni. Beba fedha taslimu za kutosha. Na ukikata tiketi ya kurudi, acha siku moja nzima kabla ya siku unayotakiwa kazini.