Tulimwendea Vasco da Gama, Tukamzika Mwingine

Baba mkwe hakosolewi hadharani, na nijuavyo mimi hakosolewi hata faraghani. Huo ndio ustaarabu niliolelewa nao Mombasa, na ndio huo huo uliotufikisha, mimi na baba wa mke wangu, kwenye mazishi ya Mreno ambaye hata jina lake hatukulijua, siku ambayo tulikuwa tumetoka nyumbani kwa nia ya kuutalii mji wa Lisbon na si vinginevyo.

Mzee alifundisha historia hadi alipostaafu, na kwa miaka yote hiyo alikuwa na ugomvi na Vasco da Gama. Alikuwa akiwasomesha watoto jinsi nahodha huyo alivyotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498, jinsi watu wake walivyowadondoshea mateka mafuta ya moto mwilini ili waungame njama, na jinsi Wareno waliomfuata walivyouteketeza mji mwaka 1505 na kuurudia tena mwaka 1528. Binti yake alipopata nafasi ya kusoma Lisbon, mzee hakuuliza habari za ada wala za baridi; aliuliza kama ni kweli kwamba kaburi la Vasco liko huko, na kama wageni wanaruhusiwa kulikaribia. Alipokuja kututembelea, alikuwa na hotuba aliyoiandika kwa mkono, imekunjwa vizuri katika mfuko wa kanzu, na hakuficha kwamba hotuba hiyo haikuwa ya kumsifu mtu.

Mke wangu alikuwa na mtihani, kwa hiyo kazi ya kumtembeza mzee ikaniangukia mimi. Mipango yetu ilikuwa kwamba asubuhi twende kwanza kwenye ngome ya São Jorge, iliyo juu ya kilima, ambayo mfalme Afonso Henriques aliwanyang'anya Waislamu mwaka 1147, ili Baba awasomee Fatiha waliofia humo. Kisha mchana tuteremke hadi Belém, penye kaburi lake, tumalizane na Vasco.

Tulianzia Baixa, mtaa wa chini ulio karibu na mto Tagus. Nilimweleza Baba kwamba mji huu ulipigwa na tetemeko la ardhi tarehe 1 Novemba 1755, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto uliowaka kwa siku kadhaa, na kwamba waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, aliujenga upya mtaa huo kwa barabara zilizonyooka kama tunavyoziona. Baba, ambaye amezaliwa na kuzeekea Mji wa Kale, aliziangalia zile barabara huku na huku, akauliza: "Na mtu akimwona anayemdai anakuja, anakata wapi?" Sikuwa na jibu. Tukanunua boksi la pastéis de nata, vile vikeki vidogo vya mayai na maziwa ambavyo hunyunyiziwa mdalasini, tukaenda kusubiri tramu.

Tramu namba 28 ni kigari cha manjano cha mtindo wa miaka ya 1930, chenye viti na madirisha ya mbao, na sababu ya kutostaafishwa ni kwamba magari mapya marefu hayawezi kukata kona za Alfama, mtaa wa kale wa kilimani, wala kuhimili miinuko yake. Sasa basi, namba 28 ina pande mbili. Iendayo mashariki hupanda kuelekea ngomeni; iendayo magharibi humpeleka mtu mbali kabisa na ngome. Ya mashariki ilipofika ilikuwa imeshona watu hadi mlangoni, na mlangoni palikuwa na tangazo la kutahadharisha wezi wa mifukoni. Baba aliushika mfuko wake wenye hotuba, akarudi nyuma hatua moja. Punde ikaja ya magharibi, upande wa pili wa barabara, ina nafasi za kukaa.

"Hii hapa," akasema.

"Baba, nadhani hii inakwenda..."

"Imeandikwa ngapi?"

"Ishirini na nane, Baba."

"Na sisi twataka ngapi?"

Tukapanda.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Tulipanda hadi Chiado, tukapita penye sanamu ya Luís de Camões, mshairi aliyemtungia Vasco utenzi mrefu wa kumsifu, na Baba akamkunjia uso bila hata kuambiwa ni nani. Tulipopita mbele ya bunge la São Bento, akasema kwamba ngome haiko mbali kwa maana majumba yameanza kuwa makubwa. Tulipoiona kuba nyeupe ya kanisa la Estrela, akaniuliza kwa upole kama bado nilikuwa nadhani tumepotea. Nikamwambia, "La, Baba." Nilishatambua kwamba njia pekee ya kufika ngomeni ilikuwa ni kufika mwisho wa safari na kurudi.

Mwisho wa safari ni Prazeres, ambapo abiria wote huambiwa washuke, na kilichopo hapo, mbele ya macho ya kila anayeshuka, ni lango la makaburi. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1833, wakati wa kipindupindu, na ni mji kamili: yana mitaa, miti ya misonobari pembeni, na vijumba vya mawe vya koo mbalimbali vyenye milango ya chuma na vioo. Baba alisimama akayatazama. Kabla hajatoa hukumu yoyote kuhusu tramu, gari jeusi likasimama karibu yetu, jeneza likateremshwa, na watu waliovaa nguo nyeusi wakajipanga nyuma yake.

"Innalillahi," akasema Baba, na hapo nilijua siku yetu imekwisha.

Nilimkumbusha kwamba hatukuwa tukimfahamu marehemu. Akanijibu kwamba Mtume alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na kwamba Mombasa alikuwa amewasindikiza majirani wa kila dini bila kuomba kwanza cheti cha kuzaliwa cha maiti. Kwa hiyo tukaingia langoni pamoja na wafiwa, tukiwa nyuma kabisa, Baba na kanzu yake, koti la baridi juu yake na kofia ya vito kichwani, mimi na kamera shingoni na boksi la vikeki mkononi.

Kama tungebaki nyuma, yote yangekwisha salama. Lakini wasomaji wa pwani wanajua jinsi jeneza linavyobebwa kwetu: halina wabebaji maalumu, kila mwanamume anataka bega lake lipate thawabu, unaingia hatua chache, unampisha mwenzio, na mwendo ni wa haraka kwa sababu maiti hacheleweshwi. Wale Wareno walikuwa na wabebaji sita walioteuliwa, nao walikwenda hatua moja moja, kwa huzuni ya taratibu. Baba alivumilia kitambo, akinong'ona, "Mbona wanamkokota?" Kisha akamwona mbebaji mmoja wa makamo ambaye jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na moyo wake ukashindwa kustahimili. Alikwenda mbele, akamgusa yule bwana begani, na kabla bwana huyo hajaelewa anasalimiwa au anakamatwa, Baba alikuwa amekwishaingia chini ya jeneza.

Baba ni mfupi. Jeneza likainama upande wake, mashada ya maua yakaanza kuteleza, na utepe wenye maandishi ya dhahabu ukamfunika uso. "Mwanangu!" akaita kutoka ndani ya utepe. "Njoo ushike!" Mkwe akiita huitikii kwa kutoa sababu. Nikaingia nyuma yake, bega langu chini ya mbao, boksi la vikeki nimelibana kwapani, na mdalasini ukawa unamwagika kidogo kidogo juu ya koti jeusi la bibi aliyekuwa akitembea kandoni mwangu.

Hapo ndipo Baba alipoongeza mwendo, na wanne waliobaki hawakuwa na hiari, kwa kuwa mtu hawezi kubeba sehemu yake ya jeneza peke yake kwa mwendo wake mwenyewe. Tukashuka ile njia ya misonobari kwa kasi ya Mombasa. Nyuma nilisikia viatu vya wanawake vikigonga mawe upesi upesi, na nilipogeuka kidogo nikamwona padri amepandisha joho lake kwa mikono miwili, anatufuata kwa mwendo ambao si mkimbio wala si matembezi. Ajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika. Mtoto mmoja alifurahi waziwazi.

Tulipofika kwenye kijumba cha ukoo, Baba aliangaza macho kutafuta shimo. Hapakuwa na shimo. Ndani mlikuwa na rafu za mawe, na juu ya rafu majeneza ya zamani yaliyofunikwa vitambaa vya lesi. Marehemu akasukumwa kwenye nafasi yake, basi. "Udongo uko wapi?" akaniuliza. Nikamwambia haupo. Akaona hilo haliwezekani, akachota konzi ya udongo kwenye chungu cha maua cha kaburi la jirani, akasogea nao mlangoni, akakuta mlango wenyewe unafungwa. Alisimama pale na konzi yake, hana pa kuitupia, hatimaye akautia ule udongo mfukoni mwa kanzu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa mke wangu, ametoka kwenye mtihani.

"Mko wapi? Mmefika ngomeni?"

"Tuko mazikoni."

"Mazikoni! Nani kafa?"

"Hatujui."

"Baba yuko wapi?"

Baba, wakati huo, alikuwa amelichukua boksi kutoka kwapani mwangu, akisema kwamba msibani mtu haendi mikono mitupu, na alikuwa anawapitia wafiwa mmoja mmoja akiwagawia pastéis de nata zilizobonyea. Walizipokea. Baadhi walizila huku wakilia. Nikamwambia mke wangu kwamba nitampigia baadaye.

Kisha akaja mjane, bibi kizee aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alimkazia Baba macho, akauliza neno moja: "Moçambique?" Baba, aliyedhani anaulizwa atokako, akajibu kwa sauti ya darasani: "Mombasa." Bibi akaangua kilio, akamkumbatia. Baba hajawahi kukumbatiwa na mwanamke asiye maharimu wake, hivyo alisimama wima kama mlingoti, mikono imening'inia, macho yananiomba msaada ambao sikuwa nao.

Mjukuu wa marehemu, kijana aliyezungumza Kiingereza, ndiye aliyetufumbulia. Babu yake aliishi Beira tangu ujana hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, na miaka yote baada ya kurudi Ureno alikuwa akimtaja rafiki yake mmoja wa huko, mzee wa Kiislamu mvaa kanzu. Familia ilipomwona Baba akilitwaa jeneza kwa uchungu ule, ilijua moja kwa moja kwamba ndiye. Sasa kijana alitaka kujua: hao wawili walijuana vipi?

Nikamtafsiria Baba swali. Alifikiri kwa makini, kwa sababu si mtu wa kusema uongo, seuze makaburini.

"Mwambie," akasema, "sisi na Wareno twajuana tangu 1498."

Nilitafsiri kama kilivyo, kisha nikaeleza na yaliyobaki: Vasco, tramu, jirani na jeneza lake. Kijana alinyamaza. Mabega yakaanza kumtikisika, akajifunika uso kwa leso, na shangazi yake akaja kumpapasa mgongo akidhani amezidiwa na majonzi. Alipopata nafuu, alituomba tusimwambie bibi yake, akasema pia kwamba mtu aliyembeba babu yake hatapanda tramu tena siku hiyo. Akatupakia garini hadi Belém.

Njiani alimfariji Baba kwa kisa ambacho mwalimu wa historia hakuwa amekisikia. Vasco alifia India mwaka 1524, na mifupa yake baadaye ikaletwa Ureno, ikazikwa Vidigueira. Mwaka 1880 serikali ikaihamishia Belém kwa heshima zote, kisha ikagundulika kwamba waliyoibeba haikuwa mifupa yake. Ilibidi wafanye uhamisho mwingine mwaka 1898.

Baba alitulia kidogo. "Na sasa yumo kweli?"

"Wanasema yumo."

"Niulizie vizuri. Sitaki kumgombeza mtu wa watu."

Yumo, basi, katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, lililojengwa kwa ushuru wa pilipili na viungo vya mashariki, karibu na mlango, amechongwa kwa mawe amelala chali na viganja vimeunganishwa kwa dua, na Camões yuko upande wa pili. Baba akachomoa hotuba yake, akaikung'uta udongo, akaanza. Alisoma kwa Kiswahili, kwa ile sauti iliyokuwa ikifika dawati la mwisho, tangu mafuta ya moto hadi kujengwa kwa Fort Jesus mwaka 1593, na hakumsahau hata Francisco de Almeida, yule aliyeuteketeza mji mwaka 1505, ambaye wala hakuzikwa hapo. Kikundi cha watalii kikasogea. Kikaja kingine. Mzee wa kanzu anayesoma mbele ya kaburi kwa lugha ya mbali walimchukua kuwa sehemu ya maonyesho, wakasikiliza kwa adabu, na mlinzi aliyekuja kutunyamazisha akaona aibu kuukatiza umati, akasubiri. Baba alipokunja karatasi wakampigia makofi, na mama mmoja mwenye kofia ya jua akamtia sarafu mkononi.

"Mwanangu, ni nini hii?"

"Euro mbili, Baba."

Akaitazama sarafu, akamtazama Vasco.

"Iandike," akasema. "Wameanza kulipa. Na umuulize huyo mlinzi salio watalitoa lini."