Idadi ya Spishi Imerudi, Msitu Bado

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopima maeneo 56 ya Amerika ya Kilatini, ulionyesha kwamba msitu unaoota kwenye mashamba yaliyoachwa hurudisha asilimia 80 ya idadi ya spishi za miti ndani ya miaka 20, na idadi yote kwa takriban miaka 50. Habari hiyo imepigiwa debe sana. Nusu yake ya pili haisikiki: ukiuliza ni spishi zipi, na kila moja ina miti mingapi, katika miaka hiyo hiyo 20 kilichorudi ni asilimia 34 tu, na kukamilika huchukua karne kadhaa. Ndiyo maana naona kuutangaza msitu kuwa umepona kwa kuhesabu majina kwenye orodha ni kujidanganya.

Tazama mbegu zenyewe. Miti tangulizi kama Cecropia kule Amerika, Musanga barani Afrika na Macaranga huko Asia ina mbegu ndogo, na nyingi huvumilia kukaa ardhini zikisubiri mwanga. Shamba likiachwa, hiyo ndiyo huchomoza kwanza. Miti mingi ya msitu wa kale ni kinyume chake: mbegu ni kubwa, zina maji mengi, zikikauka zinakufa, na zikianguka huota ndani ya wiki chache. Haziweki akiba udongoni. Lazima ziletwe upya, tena na mnyama mwenye koo la kuzimeza. Popo na ndege wadogo huleta mbegu ndogo. Kubwa huhitaji hondohondo, nyani au tembo, na wanyama wakubwa ndio wawindaji huwamaliza mapema. Msitu usio na wanyama hao utaongeza majina kila mwaka, lakini yote ya ukoo ule ule wa mbegu ndogo.

Umbali nao una neno lake. Mbegu nyingi huanguka karibu na mti mama, na ndege wengi wa msituni hawapendi kuvuka uwanja mtupu. Mti mmoja mkubwa ulioachwa katikati ya shamba huwapa kituo, na chini yake miche hujaa kuliko penginepo. Historia ya shamba pia: lililolimwa kwa jembe miaka michache hubaki na visiki na mizizi inayochipua, lililopitiwa na trekta kwa muda mrefu, au kuchomwa moto kila kiangazi, huishia kwenye nyasi ndefu, na nyasi hizo hukaribisha moto mwingine.

Kwenye upimaji ndiko makosa yanakorundikana. Kiwanja cha mita 20 kwa 50, yaani sehemu ya kumi ya hektari, kinatosha kuanzia. Pima kipenyo kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, kwa kila shina lenye sentimita 5 au zaidi. Usilinganishe jumla ghafi ya spishi: msitu mchanga umesongamana mashina membamba, na mashina mengi huleta majina mengi. Kokotoa spishi zinazotarajiwa katika idadi sawa ya mashina, tuseme 25, kwa msitu mchanga na kwa msitu wa kale. Miti iliyokuwapo kabla shamba halijaachwa iandikwe kando, la sivyo wazee watahesabiwa kuwa vijana. Jina la kienyeji moja laweza kubeba spishi tatu, na majani ya mche mara nyingi hayafanani na ya mti mzima, kwa hiyo chukua sampuli, ikiwezekana yenye ua au tunda. Halafu kuna kosa linalopita kimyakimya: kulinganisha na "msitu wa kale" ambao tayari ulikwisha kuvunwa mbao. Hapo kila kichaka kitafaulu.

Miche hesabu peke yake, katika viwanja vidogo vya mita 2 kwa 2. Miti ya juu inasimulia waliofika zamani. Miche inaonyesha nani anaingia sasa. Ikiwa chini ya kivuli hakuna hata mche mmoja wa spishi zenye mbegu kubwa, miaka 10 zaidi ya kungoja haitazileta.

Hapo kupanda kuna maana. Msitu wa kale ukiwa jirani, na wanyama wanaobeba mbegu wapo, njia ya kuzuia moto na kupalilia miche ya asili vinatosha, na kupanda ni kupoteza fedha. Wanyama hao wakikosekana, panda spishi zenye mbegu kubwa baada ya kivuli kufunga, maana nyingi zikiwekwa juani mapema hukauka. Mbegu zipandwe zingali mbichi, ndani ya siku chache, na zitoke kwa miti mama mingi iliyo mbalimbali, si kwa mti mmoja ulio karibu na barabara kwa sababu tu unafikika.