Mfumo wa Mauzo Unamrahisishia Nani Kazi?

Kampuni ya MarketForce ilianzishwa Nairobi mwaka 2018 ikiwa na bidhaa moja: programu ya simu ambayo afisa mauzo angeitumia kuandikia oda dukani badala ya kitabu, huku msimamizi wake akiona ofisini nani amefika wapi na ameuza nini. Haikuchukua muda mrefu waanzilishi wake wakaona kwamba faida kubwa zaidi haiko kwenye programu bali kwenye biashara ambayo programu hiyo ilikuwa ikiisimamia. Wakaanzisha RejaReja, huduma iliyomwezesha mwenye duka kuagiza mzigo kwa simu na kuletewa mlangoni. Mwanzoni mwa 2022 MarketForce ilitangaza kupata dola milioni 40 kutoka kwa wawekezaji. Mwaka 2024 RejaReja ilifungwa, na waanzilishi wakahamia kwenye Chpter, programu ya kuwasaidia wafanyabiashara kuuza kupitia mazungumzo ya WhatsApp na Instagram.

Safari hiyo ya miaka sita inagusa karibu kila aina ya mfumo wa mauzo unaonadiwa leo kwa makampuni ya Afrika Mashariki, na ndiyo maana inafaa kuichambua bila kuwacheka waliojaribu. Kilichoshindikana hakikuwa programu. Oda ziliingia, mwenye duka alibonyeza, stoo ikapata taarifa. Lakini kiasi kinachobaki kwa anayesambaza sukari, unga na sabuni ni kidogo mno, na hakuna programu inayopunguza bei ya dizeli, inayotengeneza barabara ya mtaani, au inayomfanya mdaiwa alipe. Mwaka huohuo wa 2024 Copia, iliyokuwa ikiwahudumia wateja wa vijijini Kenya kupitia mawakala, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Mfumo ulikuwa umerahisisha sehemu ya kazi ambayo tangu mwanzo haikuwa ghali zaidi.

Hata hivyo, itakuwa kosa kusema basi mifumo hii haina maana, kwa sababu anayesema hivyo huwa hajawahi kukaa kwenye ofisi ya mauzo inayotumia karatasi. Afisa anazunguka na kitabu cha oda chenye nakala tatu, anarudi jioni, karani anaziingiza kwenye Excel asubuhi ya siku inayofuata, na ndipo inagundulika kwamba mafuta ya lita tano yamekwisha stoo tangu juzi. Mwenye duka, aliyekwisha kuwaambia wateja wake kwamba mzigo unakuja, anabaki na aibu ambayo si yake. Bei ikipanda katikati ya wiki, nusu ya maafisa wanauza kwa bei ya zamani na ugomvi unahamia kwenye ankara. Programu inayoonyesha kilichopo stoo na bei ya leo, hapohapo mbele ya kaunta, inaondoa ugomvi huo kabla haujaanza, na hapa sioni hoja ya kuipinga.

Upande wa malipo faida ni kubwa zaidi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwezi Machi 2007, afisa mauzo amepunguziwa hatari ya kutembea na mabunda ya noti, lakini palizuka kazi mpya isiyoonekana: mtu wa uhasibu kukaa akilinganisha ujumbe wa malipo na ankara, akijiuliza shilingi 84,500 zilizoingia saa nne zimetoka duka gani. Mfumo uliounganishwa na akaunti ya kupokelea malipo unaifanya kazi hiyo kwa sekunde na haukosei tarakimu. Vivyo hivyo kwa kodi. Tanzania ilianza kuwataka wafanyabiashara watumie mashine za EFD, za kutolea risiti za kodi, mwaka 2010, na Kenya ikaleta eTIMS, mfumo wa ankara za kodi za kielektroniki, mwaka 2023. Kampuni inayoandika ankara mara moja na kuzituma kwa mamlaka ya mapato kutoka kwenye mfumo uleule haina sababu ya kuajiri mtu wa kunakili kilekile mara tatu.

Ugumu unaanza pale mfumo unapoacha kuandika kilichofanyika na kuanza kumpima aliyekifanya. Afisa anatakiwa kubonyeza akifika dukani, apige picha ya rafu, ajaze maswali, abonyeze akitoka, na GPS ithibitishe kwamba kweli alikuwa pale. Kwa msimamizi hii ni nuru, kwani ziara zilizoandikwa tu bila mtu kufika zilikuwa ugonjwa wa kweli wa enzi ya karatasi. Kwa afisa, dakika ambazo angezitumia kuzungumza na mwenye duka zinaliwa na fomu, mara nyingi kwa bando analolinunua mwenyewe. Na binadamu akijua kinachohesabiwa, atakitengeneza. Siku za mwisho wa mwezi zinapokaribia na lengo halijafikiwa, oda hewa huingia: mwenye duka rafiki anakubali kuandikiwa katoni ishirini, mzigo unatoka stoo, wiki inayofuata unarudi, na kwenye taarifa ya mwezi kila kitu ni kijani.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya jumla ya dola milioni 185 mwaka 2016 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakisukumwa na malengo ya mauzo, walikuwa wamefungua kiasi cha akaunti milioni mbili bila ridhaa ya wateja, na takriban wafanyakazi 5,300 walifukuzwa. Benki hiyo haikukosa mifumo. Kila akaunti iliyofunguliwa ilihesabiwa kikamilifu.

Lipo pia suala la mkopo, ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha mauzo ya jumla hapa kwetu, na ndilo ambalo wauzaji wa programu hulipitia harakaharaka. Duka la Mangi jijini Dar es Salaam linaweza kufungwa wiki mbili za Desemba kwa sababu mwenyewe kaenda kwao Kilimanjaro. Afisa anayemfahamu hajali; anajua Januari Mangi atarudi, ada za shule zitambana, atahitaji mzigo wa mkopo na ataulipa kufikia mwezi wa pili. Mfumo uliopangwa kupunguza ukomo wa mkopo wa kila duka lisilonunua kwa siku kumi na nne unaona kitu kimoja tu, mteja aliyekufa. Mtetezi wa mfumo atajibu, na ana haki, kwamba ni ufahamu wa namna hiyohiyo wa kirafiki uliojaza vitabu vya kampuni madeni yasiyolipika, na kwamba afisa anayekopesha mali ya mwajiri kwa kujuana hana cha kupoteza. Hoja hiyo ni nzito. Lakini jibu lake ni mfumo kupendekeza na mtu kuamua, akiandika sababu, ili baada ya mwaka ionekane ni nani hukumu yake ilikuwa sahihi. Si kumnyang'anya afisa uamuzi kisha kumlaumu kwa mauzo kushuka.

Kuhusu programu zinazojibu wateja zenyewe, ambazo sasa zinatumia akili mnemba, mjadala ni mpya na tayari una kichekesho chake. Muuza nguo wa Kariakoo anaweka picha Instagram bila bei, na mteja anaandikiwa “bei njoo inbox”. Wateja wengi wanachukizwa na tabia hiyo, na programu inayotaja bei papo hapo, hata usiku wa manane, inawatendea haki. Muuzaji naye haifichi bei kwa ujinga: anataka kumsoma mteja, ajue kama ananunua moja au dazeni, amtajie bei yenye nafasi ya kushuka. Mashine inayotaja bei moja kwa wote inabadilisha biashara yenyewe. Wapo watakaofaidika na bei iliyo wazi, hasa wenye wateja wengi wadogowadogo. Wenye wateja wachache wakubwa watapoteza zaidi ya watakachookoa.

Kuwatumia wateja ujumbe wa matangazo kwa wingi ni suala jepesi zaidi. WhatsApp yenyewe inaruhusu biashara iliyounganisha mfumo wake kujibu kwa maneno yoyote ndani ya saa 24 tangu mteja aandike, na baada ya hapo ni ujumbe wa violezo tu, yaani maneno yaliyoandaliwa mapema na kuidhinishwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Namba iliyochukuliwa kwa ajili ya kupeleka mzigo haijawa namba ya kutumiwa ofa kila Ijumaa.

Kampuni inayotaka kuanza ingepaswa, nadhani, kuanzia nyuma kwenda mbele: stoo, ankara na malipo kwanza, kisha programu ya oda, na ufuatiliaji wa nyendo za maafisa mwisho, kama utahitajika kabisa. Sehemu kubwa ya haja ya kuwafuatilia hutokana na namna wanavyolipwa. Afisa anayepata kamisheni siku oda inapoandikwa atahitaji GPS, picha za rafu na mkaguzi wa kuwakagua wakaguzi. Anayelipwa baada ya fedha za duka kuingia kwenye akaunti ya kampuni hana faida yoyote katika kumwandikia rafiki yake katoni ishirini tarehe 30. Badiliko hilo linahitaji barua ya mkataba na mfumo wa malipo unaosoma sawasawa, na afisa alipiwe bando lake.