Mita Moja na Nusu ya Kirikuu

Ugomvi wenyewe ni mdogo, na labda ndiyo maana watu wazima wanaona haya kuusema kwa sauti. Huku kwetu Ilazo, Dodoma, fundi bomba mmoja hulaza Kirikuu yake, kigari kidogo cha mizigo, kando ya barabara ya mtaa, ubavuni mwa ukuta wa jirani yake ambaye ni mwalimu mstaafu. Juu ya keria kuna mabomba yaliyofungwa kwa mpira wa tairi, na nchani yamefungwa kitambaa chekundu. Mwalimu hataki. Nyuma ya mwalimu kuna nyumba kama tano nazo hazitaki, na lawama zao haziishii kwa fundi huyu. Kuna Hiace ya fundi umeme, kuna pikapu ya mtu wa aluminiamu, kuna na Canter moja ya mchanga ambayo nitaifikia. Mwezi uliopita shauri likafika kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaitwa kikao Jumapili jioni chini ya mwarobaini.

Nilikwenda nikiwa upande wa mwalimu. Nilirudi nikiwa na mashaka, na mashaka hayo yalianzia kwenye neno moja lililorudiwa pale kikaoni kuliko lingine lolote: hadhi. Mtaa umeshuka hadhi, mtaa umekuwa gereji, mgeni akija ataonaje. Hakuna aliyetaja upana wa barabara.

Wanaolalamika wana yao, na mengine ni ya kweli kabisa. Juni na Julai alfajiri ya Dodoma ina baridi ya kukata, na gari bovubovu huwashwa saa kumi na moja likaachwa liungurume mpaka lipate joto. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga, dirisha lake la chumbani liko hatua tatu kutoka kwenye bomba la moshi la ile Hiace. Aliongea kwa upole, na hakuna aliyeweza kumjibu. Oili inadondoka. Vijana wa kazi wanarusha nondo na ngazi garini kana kwamba mtaa mzima umeshaamka. Mwalimu naye alisema jambo lililowanyamazisha watu: masika ya mwaka jana mkewe alizidiwa usiku, na gari lililokuja kumchukua lilishindwa kupita kwa sababu ya Canter. Wakambeba kwenye kiti cha plastiki hadi njia panda. Mkewe alipona, lakini mzee bado anaona kile kiti.

Yupo pia aliyeleta hoja ya karatasi. Sisi tulinunua viwanja vya makazi, alisema, na hati inasema makazi, wala haikutaja biashara wala karakana. Hoja nzuri, tatizo ni kwamba sharti la hati linakibana kiwanja, na Kirikuu imelala barabarani. Halafu msemaji mwenyewe ana vyumba vinne vya uani anavyopangisha wageni kila Bunge la bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni. Kwenye mtaa huohuo kuna duka kwenye kona, saluni kwenye gereji ya mtu, na mama wa maandazi anayekaanga pale getini. Tungeifuata hati neno kwa neno, tungekunywa chai kavu.

Sasa upande wa pili, ambao pale kikaoni ulisemewa vibaya. Waliomtetea fundi walikuwa na neno moja tu, riziki. Mwacheni mtu atafute riziki yake. Ukishatamka riziki huku kwetu, mazungumzo yamefungwa, na anayeendelea kuuliza anaonekana ana roho mbaya. Mimi naona neno hilo lilimdhulumu fundi mwenyewe, kwa kuwa lilimgeuza mtu wa kuonewa huruma wakati alikuwa na hoja.

Kesho yake jioni nilimfuata. Nilimkuta anafungua betri ya gari. Hufanya hivyo kila usiku: spana namba kumi, vichwa viwili vya waya, kisha anaikumbatia betri na kuingia nayo ndani. Nilimwuliza kwa nini asilaze gari kwenye yadi yenye mlinzi kama wenzake.

"Shikamoo kwanza, mzee," akasema, akacheka. "Nikilala yadi, asubuhi nipande boda niifuate, jioni nipande boda nirudi. Ukijumlisha na hela ya mlinzi, kwa mwezi inakaribia kodi ya chumba changu cha pili. Na mashine ya kuunganishia mabomba iko mle ndani. Ikipotea yadi, namdai nani?"

Ndani ya geti hapaingiliki. Wamo wapangaji watano, na nafasi moja ya gari ni ya mwenye nyumba. Ila jibu lililonigusa zaidi lilihusu maji. Maji huku kwetu ni ya mgao, na mara nyingi hutoka usiku, watu wakiwa wamelala na koki zimeachwa wazi tangu mchana. Presha ikija kwa nguvu, kiungo kilicholegea kinaachia. Simu zake nyingi za dharura ni za kati ya saa tano na saa tisa za usiku. Gari likiwa yadi, anafika nyumba imeshajaa maji na godoro linaelea. Likiwa nje ya ukuta wa mwalimu, anarudishia betri na baada ya dakika kumi yuko njiani. Miongoni mwa waliowahi kumpigia saa nane ya usiku ni mmoja wa zile nyumba tano. Hakumtaja jina, na mimi sikumwuliza.

Nikaazima tepu yake ya kupimia. Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo nilipokaa usiku mzima.

Lami ya mtaa wetu, kutoka ukingo wa mtaro hadi ukingo wa mtaro, ni mita tano na nusu. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, ni ya daraja la magari madogo ya Japani ambalo sheria ya kule hairuhusu lizidi upana wa mita 1.48, urefu wa mita 3.40 na injini ya cc 660. Mita moja na nusu, basi. Ikilala upande mmoja inaacha mita nne za kupita. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita mbili na nusu. Linapita, tena bila dereva kutoa kichwa dirishani.

Sasa chukua shangingi. Land Cruiser V8, ile tuliyozoea kuiona imepangwa nje ya mageti mtaani kukiwa na kikao, harusi au msiba, ina upana wa karibu mita mbili na urefu wa karibu mita tano. Piga hesabu ya eneo: Kirikuu inakalia mita za mraba tano tu, V8 inakaribia kumi. Barabarani V8 moja ni Kirikuu mbili. Nimeishi mtaa huu miaka tisa na sijawahi kuitwa chini ya mwarobaini kujadili V8. Juni iliyopita zilikuwepo tatu mfululizo nje ya vyumba vya yule ndugu wa hati, kwa wiki kadhaa, na nilichosikia ni watu kutembea polepole kidogo wakipita ili wazione vizuri.

Ndipo nilipoanza kuamini kwamba kinachowaudhi watu ni namba nyeupe. Namba ya njano ni ya mtu binafsi, nyeupe ni ya biashara, na macho yetu yamejifunza kusoma rangi hizo kabla ya kusoma herufi. Prado yenye namba ya njano ikiegeshwa nje ya geti, tunasema jirani ana mgeni. Kirikuu yenye namba nyeupe ikiegeshwa palepale, mtaa umekuwa gereji.

Nisieleweke vibaya kuhusu Canter. Ile ni habari nyingine. Bodi yake nayo inakaribia mita mbili, urefu unapita mita tano, na ikiwa imebeba mchanga uzito wake ndio uliopasua mfuniko wa mtaro pale njia panda. Nililinganisha tena kwa tepu: Canter upande huu na Hiace, ambayo ni mita 1.7, upande wa pili, zinaacha mita 1.8. Hapo haipiti gari ya wagonjwa, na bajaji itapita kwa uangalifu. Ndivyo ilivyokuwa usiku ule wa mke wa mwalimu, Canter huku na gari jingine kule. Nilipomwonyesha mzee tarakimu zangu alizitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo haikuwa Canter peke yake." Haikuwa peke yake. Barabara yetu inabeba gari lolote upande mmoja, lakini haibebi magari mawili yanayotazamana, yawe ya kazi au ya harusi.

Mpaka umbo hili la barabara lina historia yake, na wenyeji wa Dodoma wanaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitapita haraka. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, mpango mkuu wa 1976 ulichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, na ulikusudia mji wa mwendo wa miguu, baiskeli na mabasi. Ndoto nzuri. Mkazi aliyefikiriwa ni mtu anayeshuka kituoni na kutembea hadi kwake, akiwa na faili kwapani. Mtu ambaye ofisi yake yote iko juu ya magurudumu manne hakuwamo kwenye mchoro, na hata viwanja vilivyopimwa miaka mingi baadaye, kama vyetu, havikumtengea mahali pa kulala.

Halafu serikali ikaja kweli, kuanzia 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa, na ya 2022 ikakuta 765,179 jijini. Watu hao laki tatu na nusu walioongezeka wanalala mahali, na mahali hapo paliwekwa nyaya, mabomba, madirisha na mageti na watu wa Kirikuu na Hiace. Mji umewahitaji mchana kwa miaka kumi sasa, na hakuna aliyeuliza usiku wanaenda wapi.

Kuna anayesema waachiwe polisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuacha gari mahali linapozuia njia au kuhatarisha wengine, na kwa Canter ile ingetosha. Kwa Kirikuu inayoacha mita nne, askari atapima, atatikisa kichwa, ataondoka. Kijiji kingeweza kujitungia sheria ndogo, mtaa wa mjini hauna mamlaka hayo. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri ya jiji, na jiji likiulizwa na watu wenye hasira ya hadhi, naogopa litajibu kwa kupiga marufuku namba nyeupe zote kwenye makazi. Hapo Canter itaondoka, na fundi wa saa nane ya usiku ataondoka nayo.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Mwenyekiti, ambaye naye ana pikapu, alipendekeza magari yote, ya njano na nyeupe, yalale upande wa mashariki tu. Hakuna kuwasha injini kabla ya saa kumi na mbili isipokuwa kwa simu ya dharura, na mwenye Hiace asogee mbali na dirisha la mama yule. Mwenye Hiace alisogea jioni ileile bila kusubiri kura. Ndugu wa hati aliuliza kama upande mmoja utawahusu na wageni wake wa Bunge. Akaambiwa utawahusu. Akasema hapo atahitaji kufikiri.

Mwenye Canter hakuja, wala hakuja kikao cha kwanza. Anaishi mkoa mwingine, na dereva aliyemtuma ni kijana wa mshahara aliyekaa nyuma kabisa akichora chini kwa kijiti. Alipoulizwa kuhusu mfuniko wa mtaro alisema atamfikishia bosi. Mpaka leo mfuniko uko vilevile, vipande viwili vimeangukia ndani ya mtaro na taka zimeanza kujikusanya juu yake, na mvua za Desemba haziko mbali.